Mtutu wa Kushoto

Juzi mjukuu wangu aliniletea chupa ya mafuta ya nyonyo nijipake magoti. Nilipoifungua tu, ile harufu nzito, ya utamu unaokaribia kuoza, ikanipanda puani, na kabla sijatia hata tone kiganjani nilikuwa nimerudi Ngonga, nimeketi chini kando ya banda la baba la kufulia chuma, natazama bunduki zikipakwa mafuta kama watoto wachanga. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, mbona machozi? Yanawasha?" Nikamwambia ndiyo, yanawasha. Angekuwa mtu wa rika langu nisingemdanganya. Ninyi mliokua wakati wa Mdachi, mliobebwa migongoni kukimbia vita ambavyo hatukuambiwa ni vya nini, ninyi nawasimulia.

Baba yangu alikuwa mfua chuma. Asili yake Ukinga, kule juu ya milima inayolisimamia ziwa, ambako watu wamefua majembe na mikuki tangu zamani. Alishuka bondeni akiwa kijana, mzigo wa majembe begani, akamkuta mama, Mkisi wa Ikombe, akiuza vyungu ufukweni, na milimani hakurudi tena. Wakajenga nyumba Ngonga, kando ya ziwa. Mama aliendelea kuchukua udongo wake kwao Ikombe kwa mtumbwi, kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na mioto miwili, wa baba wa chuma na wa mama wa vyungu, na sisi watoto tulikua tukinuka moshi wa pande zote. Tulikuwa wawili. Kaka yangu Asajile alikuwa amekwisha kuota ndevu chache alizozipenda sana. Mimi, Bupe, nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele.

Pande za Makwale, kwenye mwinuko, alikaa Mzungu mmoja aliyekuwa akinunua mpira na mchele. Jina lake la kwao sikuwahi kulijua. Watu walimwita Bwana Mitutu, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa kukusanya bunduki kuukuu, tena zile za mitutu miwili tu. Ya mtutu mmoja hakuitaka hata bure. Alitangaza kotekote kwamba mwenye ya mitutu miwili ailete, apewe kitambaa. Basi watu wakazitoa darini, wakazifukua makaburini, wakazichomoa kwenye vibanda vya kuku zilikokuwa zimegeuzwa nguzo. Nyingine ziliachwa na Waarabu walipopigwa kule Karonga, nyingine ni za wawindaji wa tembo waliokufa kwa homa, na wengine waliozileta hawakutaka kueleza wamezitoa wapi. Zote zilikuwa za kushindilia baruti mdomoni, zimeota kutu, vitako vimeliwa na mchwa. Bwana Mitutu alizileta kwa baba azirudishe ujana, kisha azitundike ukutani kwake.

Baba aliziita wagonjwa. "Kuna mgonjwa mpya," alikuwa akisema, na Asajile alikwenda kuipokea bunduki kwa mikono miwili. Waliilaza kwenye mkeka, wakaifungua mtambo, kila kipande wakakilowesha katika mafuta ya nyonyo mpaka kutu ilegee. Kisha walisugua kwa jivu na mchanga mwembamba wa ziwani, siku nyingi, mpaka chuma kitoe rangi yake. Kitako kipya baba alikichonga kwa mninga, akakipaka nta ya nyuki. Nilikuwa nikisikia neno mgonjwa, nikaona mafuta, nikaona vitambaa, nikaona kitu kilichokuja kibaya kikiondoka kinang'aa. Akilini mwangu hakukuwa na shaka. Baba anaponya.

Kipimo chake cha mwisho kilikuwa sauti. Aliutundika mtutu kwa kamba, akaugonga kwa kipande cha mfupa, akasikiliza. Mama naye alivipima hivyo hivyo vyungu vyake, anakigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha kichwa. Mtutu mzima unalia mrefu, unakwenda unafifia kama kengele ya misheni unapoisikia kutoka mbali. Mtutu mbovu unakata sauti palepale.

Siku moja ililetwa bunduki ambayo sisi sote tuliacha kazi tukaitazama. Chuma chake hakikuwa laini kama cha nyingine. Baba alipokisugua na maji ya ndimu, ikajitokeza michirizi iliyopindana, myeusi na ya kijivu, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira. Kwenye mtambo kulikuwa na fedha, na juu ya fedha ndege amechorwa, amekunjua mbawa. Nikaipa jina palepale, Bibi Harusi. Asajile alicheka, lakini kuanzia siku ile naye akawa anaiita hivyo.

Baba alikuwa ameitenganisha mitutu yake miwili ili ailehemu upya. Akatundika wa kulia, akaugonga, ukalia vizuri hata mama akaacha kazi akatabasamu. Akatundika wa kushoto. Ukakohoa. Mama, aliyekuwa akilainisha mdomo wa chungu, akasema bila kuinua macho, "Huo una ufa."

"Umeliwa kwa ndani," baba akasema. Akauelekeza kwenye jua, akachungulia muda mrefu. "Umebaki ganda la yai."

Nje haukuonyesha kitu. Ulikuwa na michirizi ile ile mizuri. Baba akaumalizia kama ulivyo, akauunga na mwenzake, lakini kwenye tundu lake la moto, pale fataki inapopitisha cheche kwenda kwenye baruti, akapigilia kizibo cha chuma. "Sasa hata mwendawazimu hawezi kuulipua," alisema.

Bwana Mitutu alikuja kuichukua siku ambayo mama alikuwa Ikombe kufuata udongo. Aliigeuzageuza bunduki ile mikononi, uso wake mwekundu umelainika kama wa mtu anayemwona mtoto wake. Kisha kidole chake kikafika kwenye kizibo.

"Hiki nini?"

"Kizibo, Bwana. Mtutu wa kushoto haufai. Atakayetia baruti humu utamuua."

"Nani atatia baruti? Hii ni ya ukutani. Kitoe."

"Bwana, ubovu wake hauonekani kwa macho. Mtu asiyejua..."

"Nataka iwe nzima, kama ilivyotoka kwa fundi wake. Kitoe sasa hivi, nasubiri."

 Asajile alikuwa amekwenda kuchanja kuni, hakuwepo. Kisha baba akachukua patasi nyembamba, akainama, akakitoa kizibo kwa upole sana, na mimi nikaona ni kama anamtoa mtu mwiba. Bwana Mitutu akaondoka ameikumbatia. Nilimuuliza baba, "Amepona?" Hakunijibu, nikadhani hakunisikia.

Vita vilipokuja tuliviona kwanza kwa miguu ya watu. Askari walipita wakielekea Karonga wakiimba. Waliorudi hawakuimba. Kisha wakaanza kuchukua wanaume wa kubeba mizigo, wakachukua mahindi, wakachukua ng'ombe. Baba wakampeleka bomani, juu kwenye baridi, akatengeneze bunduki za askari. Bwana Mitutu naye alivaa nguo za kijeshi akaondoka, nyumba yake akaachiwa mpishi. Ikatoka amri kwamba vijana walinde ufuko, kwa sababu meli ya Waingereza ilikuwa ikionekana ziwani. Silaha hazikutosha. Askari wakafungua nyumba ya Bwana Mitutu, wakaangua bunduki zote ukutani, wakazigawa.

Asajile alikuja nyumbani asubuhi, na begani alikuwa na Bibi Harusi.

"Ugonile, juba," alimwamkia mama, kwa ile lugha ya Kinyakyusa aliyokuwa ameizoea kwa wenzake, lakini midomo ilikuwa ikimcheza kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekwisha kumrukia miguuni. Katika silaha zote za Mdachi, kaka yangu alikuwa amepewa ile nzuri kuliko zote.

Mama hakuitikia salamu. Alifuta udongo mikononi. "Hiyo si ndiyo iliyokohoa?"

"Ndiyo hii."

"Lete hapa."

Alikuwa ameolewa na mfua chuma miaka mingi, alijua pa kutazama. Akageuza mtambo, akatafuta kizibo kwa ukucha. Akatafuta tena. Nilimwona mabega yakishuka, yakitulia. "Kizibo hakipo," alisema. "Basi baba yako atakuwa ameutengeneza."

"Angeiachia itoke mikononi mwake ikiwa mbovu?" Asajile akasema. "Mkono wa tata umepita hapa, mama. Haiwezi kunidhuru."

Mama akairudisha kwake. Akampa ndizi za kuchoma, akamkung'uta vumbi mgongoni.

Haikuwa meli iliyomfanya aipige. Ni kiboko. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na askari, na tegemeo letu sote lilikuwa mpunga wa bondeni, karibu na mto, na kiboko dume alikuwa amezoea kuuingia. Siku hiyo hakuondoka kulipokucha. Alibaki katikati ya mpunga mchana kweupe, anakula na kukanyaga. Wanawake walikuwa wakipiga vigoma na masufuria bila yeye kujali. Wakaja kuwaita vijana wa ufukoni.

Tulikuwa tumesimama kwenye tuta, mama amenishika mkono. Nilimwona Asajile akishindilia, baruti, kitambaa, risasi, akisukuma kwa mdeki taratibu kama alivyofundishwa, mtutu wa kwanza, kisha wa pili. Wenzake wawili walikuwa nyuma yake na mikuki. Akapiga wa kulia. Moshi mweupe ukatanda, na kiboko akaguna, akageuka, na damu ilikuwa inamtoka shingoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Kiboko akaanza kumjia. Asajile hakukimbia. Akavuta wa pili.

Sauti yake haikuwa ya bunduki. Nilishasikia bunduki nyingi zikijaribiwa nyumbani. Hii ilikuwa fupi, kavu, kama chungu kikubwa kinapopasuka motoni. Mama aliuachia mkono wangu akakimbia kabla mtu mwingine hajaelewa kitu.

Kiboko aliingia mtoni, hatukumwona tena. Asajile walimbeba kwenye mkeka. Mkono wa kushoto haukuwepo, na upande mmoja wa uso na shingo ulikuwa na vipande vya chuma, na kwenye kipande kimoja niliona michirizi ile ya mkeka. Walimfunga kwa vitambaa, wakamlaza ndani, na mganga wa misheni akaja akatikisa kichwa. Kijana mmoja wa rika lake alipanda milima bila kupumzika kwenda kumwita baba.

Baba aliondoka bomani bila kuaga mtu. Aliingia mlangoni adhuhuri, matope mpaka mapajani, akapiga magoti kando ya mkeka. Homa ilikuwa imemla Asajile, lakini alimtambua.

"Tata," akasema. "Nilishindilia vibaya?"

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Nimekuwa mtu mzima, nimezeeka, na bado nafikiria jinsi ingekuwa rahisi kwa baba kunyamaza tu, au kumwambia, pumzika mwanangu, usiseme. Hakuna ambaye angemuuliza zaidi.

"Hapana," alisema. "Ulishindilia vizuri kama nilivyokufundisha. Mtutu wenyewe ulikuwa mbovu. Nilijua."

Asajile alifumba jicho lake lililobaki. "Basi," alisema. "Nilidhani ni mimi." Na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama alikuwa ameketi kichwani kwake. "Ulijua?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Nilijua."

"Na kizibo?"

"Nilikitoa. Aliniambia nikitoe, nikakitoa."

 Asajile alifariki kabla jua halijafika ukingoni mwa ziwa, na katika kilio chote kile, wakati wanawake wa Ngonga wanalia na kujifunga vitambaa viunoni, mama alikaa kimya akiwa ameukumbatia ule mkono mmoja uliobaki.

Kesho yake, baada ya mazishi, askari walimfuata baba kwa kutoroka kazini. Walimkuta bandani. Alikuwa ameutengua mtutu wa kulia wa Bibi Harusi, ule uliolia vizuri, ameuweka juu ya fuawe na anaupiga kwa nyundo kubwa, anaubapa kama jani. Ilikuwa mali ya serikali. Askari wawili walitaka kumrukia, lakini wa tatu, ambaye baba alipata kumtengenezea panga, akawazuia kwa mkono. "Mwacheni amalize," alisema. Alipomaliza alinyoosha mikono mwenyewe. Walimchapa viboko hadharani, wakamtia mnyororo shingoni, wakampeleka kubeba mizigo ya jeshi. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Wiki haikuisha, tulikuwa ndani ya mtumbwi kuelekea Ikombe.

Ikombe milima inaingia majini moja kwa moja, hakuna njia ya kuja isipokuwa ziwani, na kwa mtoto mwenye hofu ni mahali pazuri. Maana nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Ni lile neno la baba, nilijua. Nililisikia kwa masikio yangu, na nililielewa kwa akili ya mtoto. Baba alijua kwamba Asajile atakufa. Alijua tangu zamani, labda tangu alipozaliwa, na alikaa naye kila siku, akala naye, akamfundisha kushindilia, bila kumwambia. Kama alijua ya Asajile, basi alijua na yangu. Nilikumbuka mara zote aliponitazama kimya huku akisugua chuma, nikaona kumbe alikuwa ananihesabia. Kila mtumbwi uliposhika pwani nilijificha nyuma ya vyungu vya bibi mzaa mama, nikiomba asiwe yeye.

Mdachi akaondoka, Mwingereza akaja, na baba naye akaja. Alishuka kwenye mtumbwi wa wavuvi, mwembamba, ndevu nyeupe, mabega yana vidonda vya mizigo vilivyokuwa bado havijakauka. Mama alimtazama kutoka mlangoni. "Hapa si kwako," alimwambia.

"Najua," baba akasema, nami niliposikia neno lile nikajibanza nyuma ya vyungu.

Hakuondoka. Wavuvi walimpa pembe ya banda lao la nyavu alale. Asubuhi mama alipokwenda shimoni kuchimba udongo alikuta umekwisha kuchimbwa, umejazwa kwenye kikapu. Aliuacha pale pale, akachimba wake. Akafanya hivyo siku nyingi. Kisha siku moja alikuwa na mafua, amechoka, akauchukua. Tangu hapo baba akawa mbeba udongo wake. Nyundo hakuishika tena, hata Waingereza walipomtafuta. Jioni mama aliweka bakuli la ugali na usipa, dagaa wa ziwani, juu ya jiwe, nje, bila kumwita, naye alikula bila kubisha hodi. Majirani walizoea. Siwezi kuwaambia kwamba mama alimsamehe. Hawakulala nyumba moja tena mpaka kifo, na jina la Asajile hakumruhusu kulitamka mbele yake.

Lakini mwaka ule aliokuja baba, mimi niliugua. Ilikuwa homa ya mvua, kichwa kinapasuka, meno yanagongana. Mama alinilaza karibu na mlango nipate hewa. Mchana mmoja niliamka nikamwona baba amesimama nje juani, kikapu cha udongo mikononi, ananitazama. Ananitazama kama alivyomtazama Asajile. Sikuwa na nguvu ya kujificha.

"Baba," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu Ngonga. "Ni leo?"

"Leo nini, mwanangu?"

"Leo nakufa? Wewe unajua."

Hakuelewa. Nikaanza kulia, nikamwambia yote, kwamba alijua ya Asajile na alisema mbele ya watu wote, na mimi nataka aniambie yangu, nimechoka kungoja. Nilipokuwa nasema niliona uso wake ukibadilika polepole. Alipiga magoti pale nje, kikapu bado mikononi.

"Bupe," alisema. "Sijui. Haki ya Mungu sijui."

"Ya Asajile ulijua."

"Nilijua bunduki. Asajile sikujua. Ningejua..." Akafuta uso kwa bega.  "Ningejua, mwanangu, Mzungu yule angenipiga mpaka kufa na kizibo kingekuwa palepale."

Nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuwa ni mzee tu, amechoka, ana matope kwenye nyusi, na hakuwa na habari ya kesho kuliko mimi. Nikashusha pumzi.

Mama alikuwa nyuma yangu, kwenye kivuli cha nyumba, chungu kibichi kati ya miguu. Sikujua kwamba alikuwa anasikia.  Kisha akasema, akitazama chungu chake, "Jua linakuchoma hapo. Ingia."

Baba hakuinuka. Nadhani alifikiri mimi ndiye ninayeambiwa.

"Wewe," mama akasema. "Ingia, ukae na mtoto."

Akaingia ameinama, akaketi kwenye ncha ya mkeka, karibu na miguu yangu, akiwa bado amekishika kile kikapu cha udongo, hajui akiweke wapi.